Sinema nililala, kibandani nikasimama juu ya benchi, na filamu ni ile ile. Kosa ni langu au la VJ, yule anayetafsiri filamu?

#1 KondaWaKireka
Habari zenu. Mimi si mjuzi wa filamu. Naangalia kama mtu anavyokula karanga, mkono unaenda wenyewe. Ila miezi hii miwili nimeangalia tatu, na kuna jambo limenikaa kichwani.

Ya kwanza Oppenheimer. Najua ni ya 2023, lakini mimi vitu hunifikia vikishaingia kwenye flashi. Saa tatu nzima, wanaume wa suti wanaongea chumbani. Bomu likalipuka, kimya, halafu wakarudi chumbani kuongea. Nilisinzia mara mbili, na kila nikiamka nakuta suti zile zile. Nasikia ilipata Oscar saba. Haya, hongera yao.

Ya pili The Last King of Scotland. Hii nilirudia, nikafanya kosa la kuiwasha baba mkwe akiwa sebuleni. Alipomwona mwigizaji wa Idi Amin jukwaani akasema "huyu amemweza kabisa." Dakika chache baadaye yule daktari Mzungu akaanza mambo yake na wanawake. Mzee akatafuta kofia yake taratibu, akasema anakwenda kuangalia mbuzi. Hana mbuzi.

Ya tatu ndiyo iliyonileta: Sinners. Nilimpeleka mchumba sinema kubwa mjini Kampala. Viti vya kuzama, baridi ya friji la samaki. Tiketi mbili na bisi, elfu sitini ikaenda. Ndugu pacha wametoka Chicago na hela zao, wamerudi kwao Mississippi, wananunua kiwanda cha zamani cha mbao wafungue ukumbi wa muziki. Kiingereza chao ni cha mtu anayeongea huku anatafuna muwa. Nikalala. Makelele yakaniamsha, nakuta watu wana damu midomoni na sijui nani ni nani.

Wiki iliyopita mvua ikanikamata Bweyogerere, nikajibanza kwenye kibanda cha video. Elfu moja. Kumbe wanaonyesha hiyo hiyo, imetafsiriwa Kiganda. VJ akanipanga mapema kabisa: mwenye kofia ya bluu ndiye Smoke, huyo ana hasira, mwenye nyekundu ndiye Stack, huyo ana wanawake. Wanyonya damu walipotokea hakusema "vampire". Alisema abasezi, wale wachawi wa usiku. Kibanda chote kikatulia. Halafu yule mlinzi wa mlango, jitu lile aliyetoka kwenda kukojoa, anarudi, anasimama nje, anaomba aruhusiwe kuingia. Mama muuza mandazi, amesimama pembeni na beseni lake, akapiga kelele: "Temumuggulira!" Msimfungulie! Mimi nilishakuwa juu ya benchi.

Nielezeni. Filamu moja, mtu mmoja. Kwa nini?

#2 BintiBusia
Elfu sitini kwenda kulala? Gesti ingekutosha na chai ya asubuhi ungepewa.

#3 MpigaHesabu
Jibu ni jepesi. Uliiona mara mbili! Mara ya kwanza ubongo ulishika majina na sura hata kama ulisinzia, mara ya pili ukapata nafasi ya kufurahi. Ungeanza kibandani ukamalizia sinema, leo ungekuwa unasifu sinema.

#4 KondaWaKireka
@MpigaHesabu mtu aliyelala alishika nini? Nilichoshika ni bisi.

#5 FundiSpika_Jinja
Mimi natengeneza spika hapa Walukuba, nitaongea la kazi yangu. Filamu za siku hizi hurekodiwa mtu akinong'ona anong'one kweli, na mlipuko ulipuke kweli. Kwenye ukumbi mkubwa, kama masikio hayajazoea lafudhi, maneno yanapotea. VJ anafanya kinyume: sauti ya filamu anaishusha, yake anaiweka juu, moja kwa moja, haipandi haishuki. Unaelewa kila neno kwa sababu unamsikia mtu mmoja tu.

Lakini jamani, mnalipa kwa hilo. Hii filamu ni ya muziki. Pale kijana Sammie anapopiga gitaa na kuimba, wanatokea wapiga ngoma wa zamani za Afrika, anatokea wa gitaa la umeme, anatokea DJ, na wacheza opera wa Kichina, wote kwenye ukumbi mmoja. VJ akiongea juu ya wimbo ule ni kama kumwaga maji kwenye pilau.

#6 KondaWaKireka
@FundiSpika hapo VJ alinyamaza. Alisema tu "hawa ni mababu, na hawa ni wajukuu ambao hawajazaliwa," akakaa kimya hadi wimbo ukaisha.

#7 Mwana_Nansana
Muongo! Nimeiangalia juzi kwa jirani, VJ hakufunga mdomo hata sekunde. Katikati ya ule wimbo alitangaza duka la simu, akataja na jengo, na ghorofa.

#8 KondaWaKireka
Nakuapia alinyamaza.

#9 Mwana_Nansana
Na wala hakusema abasezi. Alisema "majini ya Kizungu".

#10 BintiBusia
Nyie wawili mmeangalia VJ wawili tofauti, mnagombana bure. 😂

#11 Mwana_Nansana
...sawa. Inawezekana.

#12 MtotoWaNateete
BintiBusia amegusa penyewe. Kwetu filamu haiwi moja. Watu hawaulizi "umeiona Sinners?", wanauliza "umeiona ya nani?" Walioanza kazi hii walikuwa wanakaa ndani ya kibanda kabisa, kipaza sauti mkono huu, kitufe cha sauti mkono ule, jenereta linanguruma nje. Leo usiku anasema hivi, kesho ameongeza utani mwingine. VJ Jingo na wenzake wakaja kujaza mikanda na diski, kazi ikawa ya kurekodi.

Na msisahau filamu za Wakaliga, mtaa ulio hapa nyuma yetu. Who Killed Captain Alex? ya mwongozaji Nabwana, 2010, bajeti yake haikuzidi dola 200, bunduki za vyuma chakavu. Toleo lake la mwanzo, lisilo na VJ, limepotea. Lililobaki duniani ni lenye sauti ya VJ Emmie. Watu wa Marekani na Ulaya wanaocheka nalo wanacheka na VJ. Ukimtoa, hakuna filamu inayobaki. Sasa mnaponiambia VJ "anaharibu", anaharibu kipi hasa?

#13 FundiSpika_Jinja
Captain Alex ni yao wenyewe, wafanye watakavyo. Sinners ina mwenyewe. Yule aliyetunga muziki alikaa na kila noti. Ni tofauti.

#14 DadaWaGulu
Hivi mbona hamumuulizi mchumba? @KondaWaKireka, yeye alilala?

#15 KondaWaKireka
Hakulala. Alilia mwishoni. Akasema ni filamu bora ya mwaka na mimi nakoroma.

#16 DadaWaGulu
Basi uzi umekwisha. Kosa ni lako.

#17 MpigaHesabu
😂😂 Nafunga vitabu.

#18 AfandeMstaafu
Mimi narudi kwenye ya Amin. Ile filamu walipiga Kenya, na mwigizaji ni Mjaluo wa Siaya, hata sisi tulishangaa alivyofanana naye. Huyo Mzungu daktari alikuwepo kweli, watu wa hospitali ya Mulago wanamkumbuka.

#19 MwalimuTororo
Afande, kwa heshima zote, umechanganya mbili. Ya Mkenya, Joseph Olita, ni Rise and Fall of Idi Amin ya 1981, na ndiyo iliyopigwa Kenya. Anayoisema Konda ni ya 2006, ya Forest Whitaker, iliyopigwa hapa hapa Uganda, na Whitaker akachukua Oscar mwaka uliofuata. Na yule daktari ni wa kubuni, ametoka kwenye riwaya ya Giles Foden ya 1998. Watu wa Mulago wanakumbuka daktari mwingine.

#20 BintiBusia
Na Olita alimwigiza Amin tena kwenye Mississippi Masala, ya Mira Nair, 1991, ile ya Wahindi waliofukuzwa Uganda 1972. Mississippi tena! Hiyo Mississippi ina nini na sisi?

#21 AfandeMstaafu
Mwalimu asante, umri. Lakini kwa kufanana, Olita. Whitaker ni mwigizaji mkubwa, na Kiswahili alikisomea kidogo, unasikia amejitahidi. Ila anakitamka kama mtu anayevuka matope, anachagua pa kukanyaga. Kiswahili cha KAR, jeshi la mkoloni, kilikuwa hakichagui. Kilikuwa kinakanyaga.

#22 HajatiWaBombo
Assalaam aleikum wanangu. Nimesoma tangu juu. Mimi sina la VJ, VJ wote wanaongea Kiganda na sisi wa Kiswahili tunangoja za Tanzania zifike, ingawa wanatuambia Kiswahili ni lugha rasmi ya pili tangu katiba ilipobadilishwa 2005. Yaacheni.

Nina la huyo VJ wa Konda. Amekosea. Msezi hanyonyi damu ya mtu aliye hai. Msezi ni jirani yako, mchana anakusalimu vizuri, usiku anacheza uchi na kwenda makaburini. Anakula maiti. Ndiyo maana watu zamani walikuwa wanalinda kaburi jipya. Wanyonya damu wana jina lao lingine, na ni la Kiswahili.

#23 DadaWaGulu
Shikamoo Hajati. Jina gani?

#24 HajatiWaBombo
Marahaba mwanangu. Bazimamoto. Wazima moto! Mama yangu alikuwa akisikia gari la zimamoto, alituingiza ndani na kufunga mlango. Enzi za Waingereza watu wa Kampala waliamini kwamba wale wa zimamoto wanakamata mtu anayetembea peke yake usiku, wanamtoa damu, damu inakwenda kwa Wazungu. Hakuna aliyetuambia wana meno marefu. Walikuwa na gari, ndoo na sare za kazi.

#25 Mwana_Nansana
Hajati, sasa leo nyumba ikiungua nimpigie nani? 😭

#26 MwalimuTororo
Hajati yuko sahihi, na haikuwa Kampala tu. Pwani ya Kenya na Tanganyika waliita mumiani. Kaskazini mwa Zambia ya leo, banyama. Uvumi ni ule ule, sare zinabadilika. Wengine wanasema asili yake ni uchunguzi wa malale: ugonjwa uliua zaidi ya watu 200,000 upande wa Busoga na ziwani mwanzoni mwa karne iliyopita, serikali ikawa inapima watu damu, inahamisha vijiji, haielezi. Mtu anachukuliwa damu, haambiwi inakwenda wapi. Wewe ungefikiri nini?

#27 MwanaKatanga
Bandugu, jambo. Mimi ni wa Lubumbashi, sasa niko Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi. Kwetu alikuwa mutumbula. Bibi alisema anakamata watu usiku, anawafungia, ananenepesha kwanza. Kazi yake kwa Mzungu, kama hao wa Hajati. Malale haielezi hii, kwetu mambo yalikuwa ya migodi. Watu wanaingia kazini, wengine hawarudi. Ukiuliza yuko wapi, unapewa hadithi.

Na @Konda, ile filamu uliyolala, ya bomu. Umeona ile bakuli ya kioo wanayotia gololi, kuonyesha urani inavyoongezeka? Nilikaa saa tatu nangoja mtu aseme gololi zile zinatoka wapi. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga. Filamu haikutaja. Wewe ulilala, mimi nilikuwa macho, na wote wawili hatukusikia kitu.

#28 KondaWaKireka
@MwanaKatanga pole sana ndugu. Nitairudia kwa ajili ya hiyo bakuli.

#29 FundiSpika_Jinja
VJ mzuri angelitaja. Nalazimika kukubali hapo.

#30 MtotoWaNateete
Hahaa! Fundi amehama upande.

#31 FundiSpika_Jinja
Sijahama. Nimesema angelitaja, sijasema aongee juu ya gitaa.

#32 MpigaHesabu
Turudi kwenye swali. Mimi naona jibu ni watu. Kibanda kina watu wamebanana, joto, mmoja akishtuka wote mnashtuka. Sinema kila mtu na kiti chake. Mpe Konda VJ yule yule peke yake chumbani na simu, uone kama atapanda benchi.

#33 KondaWaKireka
Nimejaribu. Jana usiku, peke yangu, flashi ya VJ yule yule.

#34 MpigaHesabu
Na?

#35 KondaWaKireka
Sikupanda benchi. Lakini nilifunga dirisha.

#36 BintiBusia
😂 Mimi nasema ni ile habari ya mlango. Sisi tumelelewa hivyo: ukiitwa jina usiku usiitike. Bibi yangu alisema ukiitwa mara ya tatu huyo si mtu, maana mtu hukata tamaa mara ya pili, wachawi hawachoki. Sasa Wazungu watatu wanakuja na magitaa, wanaomba kuingia kwa upole, wanatoa na hela, na wenye ukumbi wanakataa. Kila mtu kibandani ameshaijua hadithi hiyo kabla haijatafsiriwa. Muuza mandazi hakuhitaji VJ. Sinema hukuishika kwa sababu ulikuwa umelala ilipofika mlangoni. Na yule mama Mchina mwenye duka, mwishoni ndiye anayewa—

#37 DadaWaGulu
Wewe! Wengine hatujaiona!

#38 BintiBusia
Samahani. Nimefunga mdomo. Hodi hodi.

#39 AfandeMstaafu
Hii filamu ni ya mwaka gani? Hao watu wanavaa kama 1942, wakati wa vita.

#40 MwalimuTororo
Imetoka 2025, hadithi yake ni ya 1932, Afande. Miaka kumi kabla.

#41 AfandeMstaafu
Na hao pacha, ni ndugu kweli?

#42 MwalimuTororo
Ni mtu mmoja, Michael B. Jordan. Anajiwashia sigara mwenyewe.

#43 AfandeMstaafu
Hapo sasa ndipo pa uchawi. Mnahangaika na basezi.

#44 HajatiWaBombo
Nani atanitumia hii filamu? Si ya Kiganda. Na si ya kupiga kelele.

#45 DadaWaGulu
Hajati, ya Kiingereza na maandishi chini nipo nayo. Natuma kwa mtu wa taksi ya Bombo kesho asubuhi, flashi nyekundu ndani ya bahasha.

#46 MtotoWaNateete
Hajati ukishaiona utuambie kama ni wasezi au bazimamoto. Hukumu tunaiacha kwako.

#47 Mwana_Nansana
Nami nauliza, wale kwenye filamu walitafunishwa kitunguu saumu ili ijulikane nani ameshageuzwa. Kwa msezi kinafanya kazi?

#48 HajatiWaBombo
Mwanangu, msezi anakipikia nyama.

#49 HajatiWaBombo
Taarifa. Flashi nimepata, Dada wa Gulu ubarikiwe. Tumeangalia jana na mjukuu na dada yangu mkubwa kutoka Arua. Dada alisinzia tangu wanaponunua kiwanda. Akaamka mwishoni kabisa, pale kwenye baa, yule mzee mweusi mwenye gitaa na wageni wawili wamekuja kumwona. Akasema, "Mzee ana kidole kizuri. Hawa vijana mbona hawajakaribishwa chai?"

Mjukuu akapiga kelele asiwakaribishe.

#50 KondaWaKireka
Hajati, kwa hiyo ni wasezi au bazimamoto?

#51 HajatiWaBombo
Nimeanza kuirudia. Umeme umekatika walipofika mlangoni.